Ma Adelgunda, Kaa wa Rwabitembe na Barua Iliyobaki Failini

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Adelgunda Kaijage anastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kukitumikia Kituo cha Ufugaji Samaki cha Rwabitembe kwa miaka thelathini na sita na miezi mitatu. Aliingia tarehe 20 Machi 1989 akiwa mfyeka nyasi. Anatoka akiwa Mhudumu Mkuu wa Mabwawa, cheo ambacho alikifanyia kazi kwa miaka kumi na mmoja kabla ya mtu yeyote kukumbuka kumpa.

Kamati ya Sherehe, kupitia kwa katibu wake Bi. Beata, iliniagiza niandike wasifu huu "kwa furaha, na mizaha kidogo, bila kugusa mambo yaliyopita." Miaka thelathini na sita yote imepita. Sijui nilitakiwa kuandika nini, labda hali ya hewa ya kesho. Mizaha ipo na nitaileta. Furaha nimeitafuta kwa siku nne, na nilichokipata ni hasira, kwa hiyo nitaandika kwa hicho nilichonacho.

Niseme mapema, ili anayetaka kuikunja karatasi hii aikunje. Failini mwa Ma Adelgunda mna barua ya onyo ya tarehe 2 Mei 2019, inayodai kwamba tuta la bwawa namba nne lilibomoka kwa uzembe wake. Barua hiyo ni ya uongo. Tarehe 30 faili litafungwa na kupelekwa masijala ya kudumu, uongo ukiwa ndani, na Ma Adelgunda atarudi kuishi kijijini kwake, mita mia nne chini ya tuta hilo, katikati ya watu waliosomewa uongo huo kwenye mkutano wa hadhara. Kamati imemnunulia saa ya ukutani, yeye ambaye hajachelewa kazini hata siku moja. Hakuomba saa. Ameomba mara tatu, kwa maandishi, barua ile iondolewe, na mara tatu amejibiwa kwamba muda wa kukata rufaa umepita.

Alizaliwa hapa Nyabiyonza mwaka 1965, mtoto wa nne wa mzee Kaijage, mkulima wa kahawa. Alifaulu darasa la saba, lakini nafasi yake ya kuendelea na masomo ikaenda kwa mtoto wa mtu mwingine, kwa njia ambazo enzi zile watu hawakuzihoji. Kwa hiyo tulipompata alikuwa na fyekeo, jozi ya mabuti yaliyomzidi ukubwa, na kichwa ambacho kilistahili kukaa darasani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufyeka kingo za mabwawa, na ya pili ilikuwa kuua kaa. Mwongozo wa kituo uliwataja kaa kuwa waharibifu: wanakata nyavu, wanachimba kingo, wanakula vifaranga vya samaki. Kila mfyekaji alitakiwa kupeleka ndoo ya kaa waliopondwa kila Jumamosi. Ma Adelgunda alipeleka ndoo yake majuma mawili. Juma la tatu alipeleka ndoo tupu, akaadhibiwa kufyeka peke yake upande wa kijito kwa mwezi mzima. Mpaka leo husema hiyo ndiyo likizo nzuri kuliko zote alizopewa na kituo hiki.

Kilichotokea ni kwamba alimgeuza kaa mmoja chali kabla ya kumponda. Tumboni pa kaa pana kibamba kilichojikunja. Cha dume ni chembamba na kimechongoka. Cha jike ni kipana, cha mviringo, kinafunika tumbo lote. Chini ya kibamba cha jike yule hakukuta mayai. Alikuta kaa. Kaa wadogo kama punje za mtama, kila mmoja na makucha yake mawili, miguu yake minane na macho yake, wamejishikiza kwa mama yao. Aliurudisha mzigo wote majini, akaketi ukingoni, na kazi ya kuponda ikaishia hapo.

Mimi nilisomea uvuvi chuoni kwa miaka miwili, na habari hii nilikuja kuielewa kwa mfyeka nyasi. Kaa wa baharini hutaga mayai maelfu kwa maelfu, nayo huanguliwa kuwa vijidudu visivyofanana na kaa hata kidogo, vikachukuliwa na maji na vingi vikaliwa kabla havijapata umbo. Kaa wa vijito vyetu akifanya hivyo atamaliza ukoo wake kwa mvua moja, maana maji ya Rwabitembe yatawabeba watoto wote mpaka mto Kagera. Kwa hiyo jike wetu hutaga mayai machache, makubwa, yenye kiini cha kutosha. Huyabeba chini ya kibamba kwa majuma kadhaa, akiyapepea ili yapate hewa. Mtoto humalizia utoto wake wote ndani ya yai, na akitoka ametoka kaa kamili. Hata hapo mama humbeba siku kadhaa zaidi, mpaka aweze kujitafutia jiwe lake. Ma Adelgunda aliwahesabu: sabini na wanne kwa jike mmoja, sitini na mmoja kwa mwingine, mia moja na tisa kwa mkubwa kuliko wote aliowahi kumshika. Ukiua jike mmoja umeua familia nzima, na sisi tulikuwa tunaua kwa ndoo.

Alijitafutia karai lililotoboka, akaziba tundu kwa lami, akapanga mawe, akaweka majani yaliyooza ambayo ndiyo chakula chao kikubwa, na maji ya kijito aliyoyabadilisha kila asubuhi kabla ya kuanza kazi ya kituo. Karai hilo lilikaa nyuma ya stoo kwa miaka thelathini. Wanafunzi kutoka Chonyonyo waliletwa na walimu wao kuliona, na ndio waliompa jina la Mama Kaa. Yapo madaftari kumi na tisa ya alichokiona mle: siku jike alipopata mayai, siku yalipobadilika rangi, siku watoto walipotoka. Mwaka 2007 alikuja mtafiti mmoja, akakaa na madaftari hayo majuma sita, akaenda kupata shahada yake ya juu. Kwenye kitabu chake amemshukuru Mkuu wa Kituo, amemshukuru dereva, amewashukuru hata wapishi kwa ndizi. Jina la Adelgunda nimelitafuta kurasa mia mbili na kumi na nne, halimo.

Katika karai hilo ndimo alimoona kaa akijivua gamba. Ganda hupasuka kwa nyuma, mnyama akajitoa kinyumenyume, laini kabisa, na kwa siku kadhaa hujificha bila kugombana na mtu. Akipata nguvu hulila lile ganda la zamani, apate chokaa ya kukazia jipya. Aliyepoteza ukucha huuotesha tena, mdogo kwanza, kisha mkubwa zaidi kila anapojivua. Miaka ile nchi nzima ilipokuwa inazungumzia viongozi kujivua gamba, Ma Adelgunda alisema mezani wakati wa chai kwamba kaa akijivua gamba hulainika na kuona haya kutoka, "ila hawa wetu, waitu jamani, wanavuliwa leo, kesho wako ofisini wagumu vilevile." Chumba kizima kilicheka isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa Mkuu wa Kituo.

Mwaka 2003 kaa waliokoa kijiji, na nataka hili lisomwe polepole. Asubuhi moja Ma Adelgunda aliwakuta kaa wametoka majini, wametapakaa kwenye nyasi mchana kweupe, jambo ambalo kaa mwenye akili zake hafanyi. Hakwenda ofisini kuomba kibali. Alikimbia na mabuti yake kufuata kijito mpaka kwenye chemchemi, akapiga teke ndoo za akina mama waliokuwa wanateka maji. Mmoja wao alikuwa jirani yake, Bi. Placidia Twagirayezu, ambaye alimtukana kwa Kinyambo safi hadi akaishiwa. Baadaye ikajulikana kwamba huko juu mtu alikuwa ameosha bomba la kupulizia dawa ya mibuni ndani ya kijito. Placidia alikwenda kuomba radhi na mkungu wa ndizi, na kwa miaka kumi na sita iliyofuata wanawake hao wawili walikaa benchi moja kanisani.

Sasa naomba msomaji aijue sheria moja ya kituo chetu, maana ndiyo iliyotumaliza. Samaki mzazi habaki nchi kavu. Ukivuta kokoro ukakuta sato mwenye mayai mdomoni, au kambare mwenye tumbo lililojaa, unamrudisha majini kwanza ndipo uendelee na wengine. Sheria hii haikuhitaji semina. Watu wa hapa ng'ombe mwenye mimba hawamchinji, na mtu akithubutu atanyimwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mtaa mzima. Ni sheria nzuri, ya watu wenye adabu, na tuliitekeleza kama vipofu.

Mwezi Agosti 2014 Mkuu wa Kituo wa wakati huo alishusha kwenye gari mapipa mawili ya kamba wekundu wa maji baridi, wale wenye makucha marefu na mkia wa pingili, ambao kijijini waliitwa nge wa maji tangu siku hiyohiyo. Walitoka wapi na kwa kibali cha nani, sijawahi kuona karatasi. Tuliambiwa hoteli za mijini zitawagombania. Tukapiga makofi. Ma Adelgunda hakupiga, aliuliza swali moja tu: "Samahani Mkuu, hawa wanazaaje?"

Ni swali la mtu aliyekaa na karai miaka ishirini na mitano. Hakuna aliyekuwa na jibu, wala Mkuu, wala mimi mwenye cheti. Mkuu alimjibu mbele ya watu wote: "Wanazaa kama ulivyozaa wewe, Mama. Nenda kafyeke." Watu wakacheka. Nawajua wote waliocheka, na baadhi yao wamepangwa kutoa hotuba kwenye sherehe hii.

Alikwenda akafyeka, na jioni akamchukua jike mmoja kutoka kwenye pipa akamgeuza. Mayai yalikuwa yamegandamana chini ya mkia, meusi, yameshikwa na vile vijiguu vidogo vya chini. Aliyahesabu kwa sindano ya kushonea kwenye sahani nyeupe: mia nne na kumi na mawili. Kisha akafanya kama alivyozoea, akamtia karaini na kusubiri. Jike alijichimbia chini ya mawe na hakutoka. Baada ya majuma matatu hivi watoto walianguliwa, wakaning'inia kwenye miguu ya mama yao mpaka walipobadili magamba mara mbili. Hawakuwa wamefikisha nusu mwaka, baadhi yao nao wakawa na mayai. Kaa wetu mmoja sabini na wanne, mgeni mmoja mia nne na kumi na mawili, na mgeni haruki msimu wowote. "Hawa si wageni, Jovitus," aliniambia. "Hawa ni wapangaji wanaokuja na vitanda." Aliandika yote hayo katika kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri, akazipeleka ofisini. Kurasa hizo nilizikuta mwaka uliofuata zimefungia karanga.

Hoteli hazikuja. Kamba walikula mayai ya sato, wakakata nyavu, wakamaliza majani ya ukingoni ambayo vifaranga hujifichia, kisha wakashuka kijitoni na kuanza kula watoto wa kaa. Pale ambapo Ma Adelgunda alikuwa akihesabu majike arobaini wenye mayai kwa msimu, mwaka 2016 alihesabu sita. Januari 2018 ndipo ikatoka amri kwamba kamba wote watolewe. Yeye mwenyewe alikuwa amepangiwa kulinda geti juma hilo na lililofuata, kwa sababu Mkuu alisema maswali yake yanachelewesha kazi.

Tulivuta kokoro siku tisa, na msimamizi nilikuwa mimi. Kila tulipompata jike mwenye mayai chini ya mkia, wafanyakazi walimrudisha majini, taratibu, kwa mikono miwili, kama sheria ya wazazi inavyotaka. Nilisimama tutani na daftari nikiandika idadi ya waliotolewa, nikajisifu moyoni kwa nidhamu ya watu wangu. Siku ya tisa Ma Adelgunda aliacha geti akaja kuangalia. Alifunua ndoo moja, akafunua ya pili, akageuza kamba mmoja baada ya mwingine. "Mmevua wanaume," alisema, "mkaiacha wodi ya wazazi nzima!" Kisha akaketi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sidhani kama yalikuwa ya kucheka. Miezi minne baadaye kamba walikuwa wengi kuliko kabla hatujaanza.

Kamba akiwa na mayai hutafuta shimo, na akikosa shimo huchimba. Tuta la bwawa namba nne lilikuwa la udongo laini na mtamu kuchimbika. Ma Adelgunda aliyapima mashimo kwa matete. Moja lilimeza tete la sentimita tisini lote. Ili kila mtu aone, alichomeka tete moja katika kila tundu na kuliacha limesimama. Kufikia Machi 2019 yalikuwa matete mia moja arobaini na matatu, tuta limekuwa kama nungunungu. Aliomba bwawa likaushwe na tuta lijengwe upya kabla ya masika kukolea. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii kila Mtanzania anaijua, na sisi tuliokuwa na nyufa mia moja arobaini na tatu zilizowekewa alama tulijibu kwamba bajeti ya robo ile imeshafungwa.

Ijumaa ya tarehe 12 Aprili ikaja amri nyingine. Jumatatu kutakuwa na wageni, na matete yanaleta picha mbaya. Yang'olewe. Yaling'olewa. Wageni walikuja, wakapiga picha wamesimama juu ya tuta, wakala, wakaondoka. Mvua ilinyesha Jumatatu hiyo na Jumanne kutwa. Jumatano alfajiri tuta lilikatika katikati, bwawa lote likashuka bondeni kwa dakika chache. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini matope yalifukia chemchemi ya kijiji, na yalipita katikati ya kibanja cha Placidia Twagirayezu yakang'oa migomba mia mbili, pamoja na mibuni ambayo marehemu mume wake aliipanda kwa mkono wake.

Mtu alitakiwa kulaumiwa, na kamba hawana mwajiri. Taarifa ya kituo ikasema mhudumu wa mabwawa hakufungua lango la kutolea maji licha ya mvua kubwa. Mashimo hayakutajwa, wala kamba, wala matete. Taarifa ikasomwa kijijini kwa kipaza sauti, barua ya onyo ikaandikwa, na Ma Adelgunda akapelekwa getini kwa miezi kumi na minne. Mkuu alipandishwa cheo na kuhamishwa, ndivyo mambo yanavyokwenda.

Placidia aliacha kumsalimu. Kanisani alihama benchi. Ma Adelgunda alichimba machipukizi thelathini ya migomba kutoka kibanjani kwake, akayabeba kwa safari tatu, akayaweka kwenye ua wa Placidia. Yalikaa pale mpaka yakakauka. Hilo ndilo lililomuumiza, wala si geti. Getini aliendelea kuandika daftari lake: kila gari lililopita, na kila kaa.

Wapo waliomsikiliza, na hawako hapa. Mwaka 2021 wafugaji wa Nyakatuntu, huko Kyerwa, waliona nge wa maji mmoja kwenye bwawa lao wakamtafuta. Alikwenda siku zake za mapumziko. Alisimama mbele yao akamgeuza jike, akawaonyesha mayai, akawaambia watu hawa wenye heshima kwa kila kilicho na mimba: "Huyu msimwonee huruma. Huyu ndiye wa kwanza kutoka." Waliguna, lakini walifanya. Kamba wangali wapo huko, maana wakishaingia ni vigumu kuwamaliza, ila ni wachache, na tuta la Nyakatuntu limesimama. Hapa kwetu, juu ya maporomoko ya kijito ambako kamba hawajafika bado, mwezi Machi mwaka huu alihesabu majike wa kaa kumi na tisa wenye mayai. Aliniletea hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi, ana furaha kama aliyejaliwa mjukuu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sasa nifike kwangu.

Jumatano ile ya Aprili, saa kumi na moja alfajiri, Ma Adelgunda alinigongea mlango, nikaenda naye bwawani. Nilifika kabla tuta halijakatika. Lango lilikuwa wazi. Mbao zake zote sita za kuzuia maji zilikuwa zimetolewa na kupangwa ukingoni, na yeye alikuwa amezitoa tangu jioni iliyotangulia, peke yake, kwenye mvua. Maji yalikuwa yanatoka langoni kwa nguvu zote, na yalikuwa yanatoka pia kwenye kila tundu la tuta. Niliyaona kwa macho yangu. Aliyeng'oa matete Ijumaa ile ni mimi. Nilianza saa tatu, nikamaliza kabla ya chakula cha mchana. Na taarifa inayosema lango lilikuwa limefungwa ina sahihi mbili, ya Mkuu wa Kituo na ya Msimamizi wa Mabwawa. Msimamizi wa Mabwawa ni mimi. Nilikuwa nasubiri kuthibitishwa katika cheo. Nilithibitishwa.

Ma Adelgunda alijua tangu mwanzo ni sahihi ya nani. Hajawahi kunitaja kwa mtu. Kila asubuhi kwa miaka sita amenisalimu, ameniuliza habari za watoto, na nimemjibu kwamba ni nzuri.

Jumatatu ya tarehe 16 Juni nilipeleka kwa Bodi tamko langu la kiapo lenye maelezo haya yote. Nimeomba barua ya onyo itolewe kwenye faili lake na iwekwe kwenye langu. Ninastaafu mwaka 2031, kwa hiyo nina miaka sita ya kukaa nayo, sawasawa na aliyokaa nayo yeye. Bodi haijajibu. Bi. Beata amenifahamisha kwamba ukurasa huu hautaingia kwenye kijitabu cha sherehe, basi nimeuchapa mwenyewe nakala mia mbili, na aliye nao mkononi ameupata kwangu.

Nakala ya kwanza, kabla sijaongeza aya hii, nilimpelekea Placidia. Aliisoma yote amesimama kwenye ua wake, polepole, akirudia baadhi ya mistari. Alipomaliza aliniuliza kama ni kweli mbao zote sita zilikuwa zimetolewa. Nikamwambia zote sita. Hakunikaribisha ndani wala hakuniaga. Alivua kandambili zake, akazishika mkono mmoja na karatasi mkono mwingine, akavuka kijito kuelekea kwa Ma Adelgunda.

Ma Adelgunda, kituo hiki kinakushukuru kwa miaka ambayo hakikustahili kupewa. Tunakuombea afya, chemchemi safi na majirani wanaokusalimu. Sisi wengine, na mimi wa kwanza, usituharakishie msamaha.

Jovitus Nolasco
Msimamizi wa Mabwawa, Rwabitembe